Chombo cha Kazi Moja na Uhuru wa Msomaji

Mtu anayetaka kununua kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, naye hana fedha nyingi, huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kununua kishikwambi cha bei nafuu, ambacho pamoja na vitabu kitampa video, michezo, barua pepe na mitandao ya kijamii. Au anaweza kununua kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kusoma tu, kama vile Kindle au Kobo, ambacho nje ya vitabu hakina la maana. Kwa hesabu ya dukani kishikwambi kinashinda, maana kwa fedha ileile kinafanya kazi nyingi zaidi. Hata hivyo wapo watu wengi wanaotoa fedha hizo ili wapate kazi chache, na huzitoa kwa ajili ya uchache huohuo. Hapo ndipo suala la manunuzi linapogeuka kuwa suala la falsafa na la dini: je, ni busara mtu kulipa ili anyimwe? Na akishajinyima, uhuru wake umepungua au umeongezeka?

Vifaa vyenyewe

Tofauti ya vifaa hivi huanzia kwenye kioo. Skrini ya kishikwambi kwa kawaida huwa na taa nyuma yake, nayo haina budi kuwaka muda wote wa kusoma. Kifaa cha kusomea hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuendelezwa na kampuni ya E Ink iliyoanzishwa mwaka 1997. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa chembe nyeupe na nyeusi zenye umeme wa aina mbili zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine hushuka, herufi zikajichora. Zikishatulia hubaki palepale bila kuhitaji umeme tena, na ndiyo sababu chaji moja hudumu wiki kadhaa, ilhali ya kishikwambi hudumu saa 10 hivi. Ukurasa husomeka kwa mwanga wa mahali alipo msomaji, kama karatasi, hivyo jua la mchana haliyafuti maandishi. Vifaa vingi vya sasa vimeongezewa taa ndogo za pembeni kwa ajili ya gizani.

Sony iliuza kifaa cha aina hiyo, Librié, nchini Japani mwaka 2004. Amazon ilitoa Kindle ya kwanza Novemba 2007 kwa dola 399. Vishikwambi vilishika soko baada ya iPad ya mwaka 2010, na mwaka uliofuata Amazon yenyewe ikatoa Kindle Fire, kishikwambi cha dola 199. Tangu hapo kampuni moja imekuwa ikimuuzia mteja yuleyule kifaa cha kutulia na kifaa cha kuhangaika.

Wino wa kielektroniki una upungufu wake. Hubadilika polepole, kwa hiyo hauwezi kuonyesha video ipasavyo. Vifaa vingi vya bei ya chini havina rangi. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kama PDF, ambavyo ndivyo vitabu vingi vya vyuo vinavyosambazwa, husomeka kwa taabu kwenye kioo cha inchi 6. Kwa fundi haya ni mapungufu ya kurekebishwa. Kwa sehemu ya wasomaji, kutoweza kuonyesha video ndiko kulikowavuta.

Hoja ya ubora wa chombo

Jibu la kale zaidi katika kukitetea chombo cha kazi moja limo katika kitabu cha kwanza cha Siasa cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Anavitaja visu vya Delphi, ambavyo wahunzi walivitengeneza ili vitumike kwa kazi nyingi, na kusema kwamba maumbile hayafanyi kazi kwa ubahili wa namna hiyo: kila kitu kimeumbwa kwa lengo lake, na chombo hufikia ukamilifu wake kinapotumikia kazi moja, si nyingi.

Hoja hii ina uzito kwa upande wa macho, betri na wepesi wa kifaa mkononi. Lakini peke yake haitoshi. Kishikwambi kikiwa na kioo kizuri, maandishi yake husomeka vizuri, na msomaji aliyezoea hatalalamika. Kama tofauti ingekuwa ubora wa herufi tu, wengi wangeivumilia kwa ajili ya faida nyingine. Sababu yenye nguvu zaidi haimo ndani ya chombo, imo ndani ya mtu anayekishika.

Udhaifu wa msomaji

Kutangatanga kwa mawazo hakukuanza na intaneti. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, alimweleza msomaji aliyepatwa na uchovu wa roho: hupiga miayo, hufikicha macho, huyaondoa kwenye maandishi na kuukodolea ukuta, husoma kidogo kisha huhesabu kurasa zilizobaki, na mwishowe hukifunga kitabu, akakifanya mto na kulala. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, hupanga saa za kusoma katika sura ya 48. Huko huagizwa kwamba mzee mmoja au wawili wazunguke monasteri katika saa hizo, wasije ndugu wakapiga soga na kuacha kitabu. Watu hao hawakuwa na kifaa chochote isipokuwa kitabu, na bado walihitaji msimamizi.

Kilichobadilika ni kile kinachomngoja msomaji pale anapoinua macho. Mtawa wa Evagrius alikuta ukuta, na ukuta haukuwa na faida yoyote katika kutazamwa kwake. Msomaji wa kishikwambi hukuta arifa, picha na video zilizopangwa na watu wanaolipwa kwa kadiri anavyoendelea kutazama. Udhaifu ni uleule, ila sasa umepata mfanyabiashara.

Aristotle aliushughulikia udhaifu huo katika kitabu cha saba cha Maadili kwa Nikomako. Yupo mtu anayejua lililo bora, akalikusudia, kisha akatenda kinyume kwa kuzidiwa na hamu. Hakosi elimu. Elimu yake ndiyo inayokosa nguvu katika saa ya kutenda. Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliliendeleza suala hilo katika makala ya mwaka 1971. Alisema kinachomtofautisha binadamu ni kuwa na matakwa juu ya matakwa yake: anaweza kutaka kutazama video, na papo hapo akataka asingelitaka hilo. Kwa maelezo hayo, utashi huru ni ule unaokubaliana na takwa la juu la mwenyewe. Msomaji aliyekusudia kumaliza sura moja, akajikuta saa mbili baadaye amezama katika mitandao, hakuzuiwa na mtu. Alikuwa na njia nyingi, na hakuifuata ile aliyoitaka.

Kwa mtazamo huu, hesabu ya dukani inayumba. Wingi wa kazi za kifaa ni wingi wa uwezo, na uwezo huzidisha uhuru pale tu mwenye nao anapoutawala.

Kujifunga kwa hiari

Ikiwa mtu anaujua udhaifu wake kabla ya saa yake kufika, anaweza kuchukua hatua mapema. Mfano maarufu ni wa shujaa Odysseus katika utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Alijua kwamba wimbo wa Sireni, viumbe wa baharini, humvuta kila anayeusikia hadi kifo, akawaamuru mabaharia wamfunge kwenye mlingoti na wasimfungue hata akiwasihi. Mwanafalsafa wa Norway, Jon Elster, aliutumia mfano huo katika kitabu cha mwaka 1979 kuonyesha kwamba kujifunga kunaweza kuwa tendo la akili. Mtu asiyeweza kuwa na busara kikamilifu anaweza angalau kuwa na busara ya kujua hivyo. Anayenunua kifaa cha kusomea hufanya jambo la jinsi hiyo kwa kiasi kidogo: katika saa ya utulivu hupunguza machaguo ya saa ya udhaifu.

Mafundisho ya dini yaliifikia hekima hii zamani. Kanisa Katoliki humtaka mwenye kutubu akwepe nafasi za dhambi, yaani mahali, watu na hali zinazoelekea kumwangusha, wala halikubali kuwa inatosha kuahidi tu kwamba safari hii atashinda. Katika sheria ya Kiislamu ipo kanuni ya kuziba njia, ambayo hulizuia jambo la halali likiwa ni daraja la kufikia la haramu. Wanazuoni wa Maliki na wa Hanbali waliitumia kwa mapana. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayakuifanya kuwa msingi wa sheria unaojitegemea.

Tofauti hiyo ina funzo hapa: si kila tahadhari ni sheria kwa wote. Tahadhari ambayo mtu hujiwekea mwenyewe ni jambo moja, na kumwekea mwingine ni jambo la pili. Kishikwambi si kiovu, na asiyesumbuliwa nacho hana deni la kujinyima. Mzazi au mwalimu anayemchagulia mtoto kifaa cha kazi moja anatoa malezi, na malezi yana hoja zake. Lakini haiwezi kusemwa kwamba mtoto huyo amejifunga.

Pingamizi la wema

Dhidi ya kujifunga huletwa pingamizi zito. Asiyetenda kosa kwa kukosa nyenzo hahesabiwi kuwa mwema. Aristotle mwenyewe alimtenga mtu mwenye kiasi, ambaye hamu zake zimekwisha kunyooka, na mtu anayejizuia huku akivutwa. Ikiwa wa pili yuko chini ya wa kwanza, basi aliyekabidhi kujizuia kwake kwa kifaa yuko chini zaidi. Kifaa kikiharibika, atarudi palepale alipokuwa.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilipima jambo hili kwa uangalifu katika Ihyaa Ulumiddin, kwenye kitabu cha siri za sala. Alikuwa akitafuta dawa ya moyo usiotulia mbele ya Mungu, akazigawa sababu za kutotulia mara mbili. Za kwanza ni za nje, zinazoingia kwa macho na masikio. Dawa yake ni kuinamisha macho, kusali katika chumba chenye giza, kusogea karibu na ukuta ili upeo wa macho uwe mfupi, na kuepuka mahali penye mapambo na mazulia ya rangi. Anasema wachamungu walikuwa wakiabudu katika vijumba vidogo vya giza vinavyotosha kusujudu tu. Waswahili husema macho hayana pazia, na al-Ghazali alikuwa akiwashonea watu pazia hilo.

Sababu za pili ni za ndani, nazo ni kali zaidi. Ambaye hima zake zimetawanyika katika shughuli za dunia, kuinamisha macho hakumfai, kwa sababu kinachomshughulisha kimo moyoni tayari. Huyo hana budi kujilazimisha kufahamu anachokisoma na kuiandaa nafsi kabla hajaanza.

Mgawanyo huo unalijibu pingamizi bila kulifuta. Kuondoa sababu za nje si wema uliokamilika, lakini ni mwanzo wa kazi ambayo wengi hawawezi kuianzia kwingine. Chumba cha giza hakimfanyi mtu kuwa mchamungu, na mchamungu hakuona haya kukitumia. Vilevile kifaa cha kusomea huondoa yaliyo nje tu. Kina nafasi ya kuhifadhi maelfu ya vitabu, na msomaji asiyetulia ataruka kutoka kitabu hadi kitabu kama alivyokuwa akiruka kutoka video hadi video. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, katika barua yake ya pili kwa Lucilius, alikwisha kuonya kwamba wingi wa vitabu hutawanya akili, akamshauri rafiki yake akae na waandishi wachache waliothibitika. Ugonjwa alioutaja unaweza kumpata mtu kwenye kifaa kisicho na programu hata moja ya burudani.

Aliyeshika mamlaka ya kufunga

Odysseus alifungwa na watu wake, kwa amri yake, kwa muda alioutaka. Mnunuzi wa kifaa cha kusomea hafungwi hivyo mara zote. Pamoja na mpaka aliouchagua, hupewa mipaka mingine ambayo hakuiomba: duka moja la kununulia, mfumo mmoja wa faili, na vitabu ambavyo kisheria hakuvinunua bali alipewa leseni ya kuvisoma. Julai 2009 Amazon ilizifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, baada ya kugundua kwamba aliyeviuza kupitia duka lake hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu vilivyonunuliwa kwenye kompyuta ili kuvihamishia kwenye kifaa kwa waya. Baadhi ya Kindle huuzwa kwa bei pungufu kwa sharti kwamba zionyeshe matangazo zinapokuwa hazitumiki.

Kwa hiyo hoja ya uhuru haina budi kutenganisha vitu viwili. Mpaka unaomlinda msomaji na hamu zake mwenyewe unaweza kuwa sehemu ya uhuru wake. Mpaka unaomlinda muuzaji na ushindani ni gharama tu, na unapaswa kuhesabiwa katika bei. Kifaa kinachofungua moja kwa moja faili za mfumo wa wazi wa EPUB, kinachopokea vitabu kutoka maduka na maktaba mbalimbali, humpa mtu mpaka wa kwanza bila kumtwisha sana wa pili. Katika jambo hili kishikwambi kina sifa ya kweli: kinaweza kuwekewa programu za kusomea za maduka mbalimbali, na mtu asiporidhika na moja huiendea nyingine.

Aliye na chombo kimoja tu

Katika ukurasa uleule wa Siasa, baada ya visu vya Delphi, Aristotle anamtaja mshairi Hesiod aliyeimba kwamba mwenye nyumba huhitaji nyumba, mke na ng'ombe wa kulimia, naye anaongeza kwamba kwa maskini ng'ombe hushika nafasi ya mtumishi. Bila kukusudia, anaiwekea mpaka hoja yake mwenyewe. Kuwa na chombo kimoja kwa kila kazi ni uwezo wa aliye na kitu. Maskini hukifanyisha kimoja kazi za vingi, na si haki kumwita mtu wa namna hiyo mpungufu wa hekima.

Jambo hili si la nadharia Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza wa shule za umma. Tanzania ilitumia vishikwambi katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisha ikawagawia walimu. Kifaa cha kusomea tu kisingeweza kuhesabu kaya wala kuonyesha video ya somo. Vitabu vya watoto vya mradi wa African Storybook, vinavyotolewa bure katika lugha nyingi za Afrika kikiwemo Kiswahili, vina picha za rangi, nazo hupoteza nusu ya maana kwenye kioo cha kijivu. Shirika la Worldreader, lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka Kindle mashuleni nchini Ghana na baadaye Kenya, halikuchelewa kuongeza njia ya kusomea kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo iliyokuwa tayari mikononi mwa watu.

Lakini hoja hiyohiyo ina upande wa pili. Watu wengi wanaofikiria kununua kishikwambi tayari wana simu janja. Video, ujumbe, habari na benki vimo mfukoni mwao. Kwao kishikwambi huongeza ukubwa wa kioo tu, na wakati huohuo huipatia hamu mlango wa pili. Hao si maskini wa chombo kimoja. Wana kisu cha Delphi tayari, na swali lao ni kama wanahitaji cha pili.

Hukumu

Yaliyotangulia yanatoa hukumu mbili, kulingana na hali ya mtu. Asiye na kifaa kingine, mwanafunzi wa masomo yenye michoro na rangi, msomaji wa PDF kubwa, na mzazi mwenye watoto wa kufundishwa, wachague kishikwambi. Hawajakosea, ila watalazimika kuutengeneza wenyewe mpaka ambao kifaa hakikuja nao: kuondoa programu zisizo za lazima, kunyamazisha arifa, na kuzima intaneti katika saa za kusoma. Huko nako ni kujifunga, tena kunadai nguvu zaidi, kwa sababu kamba hufunguliwa kwa kidole kimoja.

Mwenye simu janja, anayesoma riwaya, historia, tafsiri za vitabu vitakatifu au insha ndefu zisizo na picha, achague kifaa cha kusomea, kile kisichomfungia katika duka moja. Fedha zake hazitampa kazi nyingi. Zitamwondolea sababu za nje za kuacha kusoma, na hicho ndicho alichokuwa akikosa. Sababu za ndani zitabaki palepale, na hizo haziuzwi wala hazinunuliwi dukani: aliyekwisha kununua kifaa bado ana wajibu wa kukaa, kufungua kitabu kimoja na kukimaliza.